Msumari wa Chini

Kwenye kile kiwanda kidogo cha mikate hapakuwa na sheria nyingi, lakini ile moja iliyokuwepo iliheshimiwa kuliko saa ya ukutani. Mkate wa kwanza kutoka tanurini hauuzwi. Unawekwa juu ya meza ya kukandia, unaachwa upoe kidogo, kisha unamegwa kwa mkono, na kila aliyefanya kazi asubuhi hiyo anakula kipande chake akiwa amesimama. Haumegwi mpaka wote wawepo. Mtu akiwa chooni, anasubiriwa. Akiwa amenuna nyuma ya magunia ya unga, anasubiriwa vilevile, na anaitwa kwa majina ya utani mpaka acheke.

Mama Tanuri aliirithi sheria hiyo kwa mama yake, pamoja na tanuri lenyewe, ubao mrefu wa kutolea mikate, na mgongo usiopenda baridi. Mtaa mzima ulimwita hivyo, hata wale ambao hawajawahi kuonja mkate wake. Wafanyakazi walikuwa watano, wote wa ukoo mmoja: yeye, mumewe aliyeitwa Mzee, ambaye sikio lake la kushoto lilikuwa limestaafu zamani, mdogo wake Mzee, Baba Mdogo, aliyesambaza mikate kwa baiskeli na porojo kwa mdomo, binti yao, waliyemwita Karani kwa kuwa ndiye aliyepokea oda zote kwenye simu, na mkamwana wao, Msusi.

Msusi alipewa jina hilo kwa sababu ya mikono yake. Ukimpa donge la unga angeligawa nyuzi tatu na kulisuka kama nywele za bibi harusi, na wateja walikuwa wakiutazama mkate wake kwanza kabla ya kuthubutu kuula. Alikuwa mke wa mtoto wao wa kwanza, dereva wa lori la masafa marefu, ambaye barabarani alikuwa mwenyeji na nyumbani mgeni.

Asubuhi hiyo mkate wa kwanza ulikaa mezani mpaka ukaacha kutoa mvuke.

"Tumege basi," alisema Baba Mdogo. "Tumbo langu limeanza kuongea lugha ambayo hata mimi siijui."

"Msusi hajafika," alisema Mama Tanuri.

"Labda kalala. Jana tulipumzika, usingizi ukishaonjeshwa haushibi."

Jana walikuwa wamefunga ili bomba la moshi litengenezwe. Mama Tanuri alifuta mikono kwenye aproni, polepole, kidole kimoja kimoja. "Nani alimwambia Msusi kwamba jana tunafunga?"

"Niliandika kwenye grupu, mama," alisema Karani. "Wote mlijibu. Baba alijibu mara mbili."

"Msusi si alishajitoa huko?"

"Mimi nilijua baba atamwambia," alisema Karani.

"Mimi nilijua mdogo wangu atapita kwake," alisema Mzee. "Anapita pale kila siku na baiskeli."

"Na mimi nilijua nyinyi wanawake mmeshaongea," alisema Baba Mdogo. "Lini nyinyi hamjaongea?"

Aliyemaliza maneno ni mfagiaji wa barabara, aliyekuwa amesimama dirishani akisubiri mkate wake. "Mnamsema yule binti anayesuka mikate? Jana alfajiri alikuwa hapa, na ile mvua. Nikamwambia, dada, leo hawa wamefunga. Akasema hapana, wangefunga wangeniambia. Akaendelea kusimama."

Mama Tanuri aliuchukua ule mkate, akaufunga kwa kitambaa safi, akaupakata kifuani kama mtu anayebeba mtoto, akatoka.

Njia yake ilipita kwenye ukuta wa pembeni, mahali palipokuwa na safu ya misumari mitupu. Zamani, kabla ya Kampuni, kila mteja alikuwa na msumari wake. Jioni angekuja kutundika mfuko wake wa kitambaa, na idadi ya mikate aliyotaka angeisema kwa mafundo kwenye kamba: fundo moja, mkate mmoja. Asubuhi angeukuta mfuko umejaa, una joto. Kisha ikaja Kampuni na mtandao wake wa kwenye simu. Ilikuwa na jina lake, lakini watu waliiita Kampuni tu, kana kwamba duniani hakuna kampuni nyingine. Oda zikahamia kwenye simu, salamu zikahamia kwenye simu, picha za harusi na habari za misiba zikahamia humo humo. Haikuwa mbaya. Mwaka ule barabara ya soko ilipofungwa, ni oda za simu zilizowaokoa, na aliyewaingiza humo alikuwa Karani. Wachache tu ndio walioachwa nje, kama Bibi Fimbo, kizee aliyepinda mgongo mpaka kidevu kikakaribia magoti. Yeye simu hakuiweza, na taratibu akaacha kuonekana.

Mwisho wa safu hiyo, chini kabisa, usawa wa goti, palikuwa na msumari mmoja mdogo kuliko wenzake. Mzee aliupigilia mwenyewe siku tumbo la Msusi lilipoanza kuonekana. "Mteja wangu mpya huyo," alisema. "Lazima afikie." Mtoto akazaliwa kabla ya wakati wake, akafungua macho, akaitazama dunia mchana mmoja, akaenda zake. Msumari haukung'olewa, na hakuna aliyeutaja. Kila aliyepita pale aligeuza uso kidogo, na Mama Tanuri pia akaugeuza.

Msusi aliishi vyumba viwili juu ya duka la fundi viatu. Mlango ulikuwa wazi nusu.

"Hodi."

"Karibu, Mama." Ilikuwa sauti ya mtu ambaye leo hajalia kwa sababu jana alimaliza.

Mama Tanuri aliingia akaona sanduku la nguo limefunguliwa juu ya kitanda. Aliweka mkate mezani, akafungua kitambaa. "Haujamegwa."

"Jamani, Mama, si mngemega tu. Mnawashindisha watu na njaa kwa ajili yangu."

"Anayeumia ni Baba Mdogo peke yake, na yeye ana akiba mwilini." Akakaa. "Sanduku hili linakwenda wapi, mwanangu?"

"Kwa mama yangu. Nimeongea na mwenzangu. Amesema kama ndivyo ninavyotaka, atanipeleka akirudi safari."

"Kwa muda gani?"

Msusi aliichukua blauzi iliyokuwa imeshakunjwa, akaikunjua, akaikunja tena. "Sijui, Mama."

"Jana tumekukosea. Kila mmoja wetu alimtegea mwenzake."

"Sikukasirika. Kweli kabisa, sikukasirika. Nilisimama pale mvua ikininyeshea, nikaona tu jinsi mambo yalivyo. Mtu akitoka mle kwenye simu anakuwa ametoka kila mahali. Sikujua hivyo wakati natoka. Ningejua…" Akaiacha sentensi kama ilivyo.

Hakuna aliyewahi kumwuliza kwa nini alitoka. Karani alidhani wifi yake anaringa. Baba Mdogo alidhani anabana matumizi. Mama Tanuri alidhani ni majonzi, na yeye alilelewa kwamba majonzi ya mtu hayapekuliwi. Sasa akaona pengine adabu nayo ikizidi inageuka ukuta.

"Ulitoka kwa nini, mwanangu?"

Msusi alikaa kwenye ukingo wa kitanda, karibu na sanduku. "Nilipopata mimba, Mama, Kampuni ndiyo niliyoiambia wa kwanza. Kabla hata ya mume wangu, maana alikuwa safarini. Pale kwenye simu kuna mahali unaandika tarehe, halafu kila wiki inakuambia. Sasa mtoto ni kama punje ya haragwe. Sasa ni kama ndimu. Sasa anasikia sauti yako. Nilikuwa naisubiri kama barua. Hata ile kofia ndogo ya manjano niliinunua humo humo."

"Naikumbuka."

"Sasa haikuacha kuhesabu." Alisema taratibu, kama mtu anayevuka kijito kwa kukanyaga mawe. "Kila alfajiri ninapoamka kuja kukanda, inaniambia hongera. Leo mtoto wako ameanza kushika vitu. Leo mtoto wako anaweza kukaa, mpige picha. Nikazima huku, ikatokea kule. Nikaiandikia. Inajibu, Mama. Inajibu upesi na kwa heshima. Lakini mle ndani hamna mtu. Niliandika mwanangu amefariki, ikanijibu asante kwa maoni yako."

Fundi viatu huko chini alikuwa akigonga soli.

"Kwa hiyo sikutoka kwa hasira," alisema Msusi. "Nilitoka ili niweze kuamka."

Mama Tanuri alitamani kusema maneno makubwa, hakuyapata. Akasema dogo alilokuwa nalo. "Hata mimi nahesabu. Juzi nilikuwa napepeta unga nikasema moyoni, saa hizi angekuwa mgongoni ananivuta aproni."

Msusi aliinua uso. "Hujawahi kuniambia."

"Ningekuambiaje? Mwenye jeraha ni wewe."

"Ungeniambia hivyo hivyo tu, Mama. Nilidhani ninayehesabu ni mimi na ile simu."

Hapo ndipo walipolia, lakini kidogo, kwa kuwa kazi ilikuwa inasubiri. Mama Tanuri alijifuta kwa kitambaa cha mkate. "Sanduku liache wazi kama lilivyo. Usilifunge mpaka mumeo arudi. Siku hizi uje kazini, na tutakuwa tunaambiana kwa mdomo. Akirudi na bado unataka kwenda, nitakubebea mwenyewe mpaka kwenye lori."

"Kwa mgongo huo?"

"Nitamkodi Baba Mdogo."

Msusi hakutabasamu, lakini alichukua mtandio wake. Walipofika, watu watatu walikuwa wamesimama kuizunguka meza tupu kama wanaosubiri matokeo ya mtihani. Mkate ulikuwa umepoa kabisa. Wakaumega.

"Mkate baridi ni mzuri," alisema Baba Mdogo, shavu limejaa. "Unapumzisha meno."

*

Mchana huo, Msusi alipokwisha kwenda nyumbani, Mama Tanuri alimnyoshea binti yake simu. "Nitoe humu."

"Humu wapi?"

"Kwenye Kampuni. Kwenye grupu, kwenye picha, kote. Nitoe kabisa."

Karani alicheka, kisha akaona mama yake hacheki. "Mama, dunia nzima imo humo."

"Basi dunia itanisamehe. Wakinitaka watanikuta hapa, sijahama tangu nizaliwe."

"Lakini kwa nini?"

"Macho."

"Macho! Jana umetunga uzi kwenye sindano bila miwani, nikikuona!"

"Hayo yalikuwa macho ya jana."

Hakumwambia sababu. Habari ile alipewa yeye, haikuwa yake ya kugawa kama mkate. Alimwambia mumewe peke yake, usiku walipolala, kwenye sikio la kulia. Mzee alijivutia shuka mpaka kidevuni. Kisha akasema, "Kumbe ndiyo inavyomfanyia mtoto wetu," akageukia ukutani.

Asubuhi yake Mzee naye akatoa simu mfukoni. Alisema inamlilia kwenye sikio bovu.

"Baba, kama ni bovu unaisikiaje?" aliuliza Karani.

"Ndiyo maana linaniuma. Linajitahidi."

Baba Mdogo, ambaye hakuambiwa sababu ila aliona kaka yake katoka, alikuja na ushahidi kabisa. Simu yake ilikuwa nyeupe pande zote, unga umeingia hadi kwenye tundu la chaji. Alisema imemponyoka ikatumbukia kwenye pipa, bahati mbaya isiyo na mfano. Kweli ilitumbukia, ila Mama Tanuri alimwona akiitumbukiza, akaigeuza na upande wa pili, kama mtu anayepaka samaki unga kabla ya kumkaanga.

Msusi alikuwa mezani, anasuka. Aliyasikia yote. Aliyatazama macho ya mmoja na sikio la wa pili na simu ya wa tatu, akarudisha uso kwenye unga, na mikono yake ikaenda polepole kidogo.

Karani ndiye aliyeumia, na Mama Tanuri alimhurumia. Msichana huyu ndiye aliyekaa siku nzima kuwajibu wateja kwa maneno matamu, aliyepiga picha mikate ya wifi yake mpaka ofisi za ng'ambo ya mji zikaanza kuagiza. Kuona watu wake wanaondoka mmoja mmoja kulikuwa kama kupika chakula kisha wageni wakaanza kukumbuka shughuli zao.

"Mmekula njama," aliwaambia. "Mimi nafanya kazi ya nyumba hii, nyinyi mnanitegea. Haya, ondokeni. Mimi na oda zangu tutabaki."

"Baki, mama," alisema Mzee kwa upole. "Hakuna anayekufukuza."

*

Siku zikaenda. Dereva alipiga simu kumwambia mkewe kwamba ameshapakia mzigo wa kurudi. Msusi alileta habari hiyo kazini mwenyewe, kwa mdomo, na Mama Tanuri alisema vizuri, kisha akaunguza trei nzima ya mikate kwa kutokuwa na akili mahali pake.

Simu ya oda ya Karani ilikuwa imeegemezwa kwenye kopo la sukari, karibu na tanuri, ili aione akiwa anapanga mikate. Asubuhi moja ikalia. Haikuwa ile sauti ya kawaida ya oda. Ilikuwa kengele ndogo ndogo za furaha, kama za toroli la aiskrimu. Karani aliinama kusoma, tabasamu la kuwahudumia wateja likiwa tayari usoni. Mama Tanuri aliliona tabasamu hilo likibaki peke yake, mwenyewe ameshaondoka.

Msusi alikuwa amewapa mgongo, anasuka. Karani aliigeuza simu kifudifudi kwenye unga, akaichukua, akatoka nje kwa mlango wa nyuma. Mama Tanuri akamfuata. Alimkuta amechuchumaa karibu na bomba la maji.

"Soma, mama."

"Wewe nisomee. Macho."

Safari hii Karani hakubisha. Alisoma kwa sauti iliyokuwa inakatika. "Kuna furaha katika familia yako. Mtoto wa wifi yako ametimiza nusu mwaka. Kuwa wa kwanza kumtumia zawadi." Chini yake palikuwa na picha ya kofia ndogo za rangi rangi. Mojawapo ilikuwa ya manjano.

"Ulijua," alisema Karani.

"Nilijua inamwandikia yeye. Sikujua itatuzungukia na sisi."

"Na wote mlijua. Macho, sikio, unga. Ningeambiwa mimi!"

"Halikuwa langu la kusema, mwanangu. Wala sikutaka kukubebesha kwa nguvu."

Karani alifuta uso kwa mkono wa blauzi, akaanza kuandika. Alikuwa na imani na vidole vyake. Alishawahi kuwabembeleza humo wateja wenye hasira za simba wakaondoka wanacheka. Mama Tanuri alirudi tanurini, akawa anatoka kila baada ya trei kumwangalia. Alimkuta anaandika, akamkuta anasubiri, akamkuta anaandika tena. Mara ya mwisho alimkuta amekaa chini kabisa, kwenye maji yaliyomwagika.

"Nimeiambia mtoto hayupo. Nimeiambia kwa kila namna ninayoijua." Akaonyesha. "Imesema pole kwa usumbufu. Imeniuliza, je, ungependa kurekebisha umri wa mtoto?"

Mama Tanuri alimshika bega. Bomba lilikuwa linadondosha tone, tone, tone.

"Nikizitoa oda zetu humu tunapoteza zile ofisi, mama. Wale hawatakuja kwa miguu."

"Hawatakuja."

"Karibu nusu ya mikate."

"Basi tutakanda nusu. Mgongo wangu utakushukuru mpaka kaburini."

Karani alicheka kwa pua iliyoziba. Kisha, kwa vidole vile vile vilivyowaingiza, akawatoa.

*

Siku iliyofuata, mkate wa kwanza ulipokuwa unapoa, Msusi alisimama mezani akawatazama mmoja baada ya mwingine. Alikuwa ameona kopo la sukari halina kitu kilichoegemea.

"Nina swali," alisema. "Mama ni macho. Baba ni sikio. Baba Mdogo simu yake imekaangwa." Akamgeukia Karani. "Na wewe, wifi yangu, umeumwa wapi?"

Karani aliangalia darini. "Mimi… kidole."

"Kidole gani?"

"Hiki." Akainua kidole gumba, kizima, chekundu kwa jamu.

Msusi alianza kucheka. Alianza polepole, mabega kwanza, kisha kicheko kikamshinda nguvu akakaa juu ya gunia la unga, vumbi jeupe likapaa kumzunguka. "Nyumba nzima wagonjwa," alisema. "Jamani, nyumba nzima wagonjwa kwa sababu yangu." Na kicheko kikageuka, kama ambavyo wote walijua kitageuka, na hakuna aliyemwambia nyamaza. Karani alikwenda kukaa naye juu ya gunia. Mzee alimgeuzia sikio zima. Hata Baba Mdogo hakuutupia macho mkate.

Mpaka Msusi mwenyewe aliposema, "Haya, megeni, huyu Baba Mdogo atazimia."

Oda ziliporudi ukutani zilirudi kwa kusitasita. Baba Mdogo alizitangaza kwa baiskeli, akigonga kengele na kueleza mambo ya mafundo kana kwamba yeye ndiye aliyeyavumbua. Mifuko ikaanza kuonekana jioni, mitatu, kisha zaidi, mingine mipya, mingine ile ile ya zamani iliyofuliwa mpaka ikawa laini kama shavu. Ofisi za ng'ambo hazikuja. Wiki hiyo walikula nyama mara moja tu, na Karani akajifunza kufungua mafundo kwa kile kidole chake kigonjwa.

Dereva alirudi mchana wa mvua. Mama Tanuri alikuwa ameinama tanurini aliposikia lori likizima mtaani. Alipoinuka alimwona mwanawe mlangoni, maji yanamchuruzika, na begani amebeba sanduku. Lilikuwa lile lile. Limefungwa.

Mama Tanuri aliegemeza ubao ukutani. Alifuta mikono, kidole kimoja kimoja. "Niliahidi nitalibeba mwenyewe," alisema. "Lete hapa."

"Utaliweza, mama. Ni jepesi."

"Usinidanganye, najua uzito wa sanduku la mtu anayehama."

Msusi alitokea nyuma ya mumewe, mtandio umemgandia kichwani. Alilichukua sanduku, akaliweka mlangoni pasipofika mvua, karibu na misumari, akalifungua. Ndani hamkuwa na kitu, hata pini.

"Mifuko ya watu inalowa, Mama," alisema. "Nimeona jana. Mvua ikija tuwe tunaitia humu, halafu tunaitundika tena ikikatika."

Baba Mdogo alilizunguka sanduku akilikagua. "Na safari?"

"Limeshafika."

Mama Tanuri alisema anakwenda kuangalia moto. Moto ulikuwa hauna tatizo lolote, lakini aliuangalia muda mrefu.

Mvua ilikatika jioni. Msusi alikuwa nje anarudisha mifuko kwenye misumari yake, na Mama Tanuri akiwa mlangoni anapunga upepo, waliposikia fimbo inagonga barabara. Alikuwa Bibi Fimbo, amepinda zaidi ya zamani, amekuja kwa kufuata kengele ya Baba Mdogo. Mfuko wake ulikuwa umetokana na gauni kuukuu, una fundo moja.

Alijaribu msumari wake wa zamani. Mkono haukuufikia. Alijaribu uliofuata. Akatembea na ukuta, anapapasa, mpaka mwisho wa safu, na mkono wake ukaangukia wenyewe kwenye msumari wa chini. Akatundika.

Mzee, aliyekuwa dirishani, aliacha kufagia unga.

"Eh!" alisema Bibi Fimbo, amefurahi. "Mmenifikiria na mimi niliyepinda. Msumari huu ni wa nani?"

Msusi alikuwa ameshika mifuko miwili mikononi. Aliutazama mfuko ule wa gauni unavyoning'inia pale chini, unayumba kidogo kwa upepo. Akaja, akachuchumaa, akaufungua ule mdomo wa mfuko vizuri ili asubuhi mkate uingie bila kuvunjika.

"Una mwenyewe, bibi," alisema. "Lakini hana choyo. Utumie tu."